Raba Haiponyi RAM

Peleka kompyuta ya mezani kwa fundi, iwe Mwenge au Tandika, mwambie haisomi RAM. Kuna dawa utapewa kabla hata hujakaa. RAM inachomolewa, meno yake ya rangi ya dhahabu yanasuguliwa kwa raba ya kufutia penseli, inapulizwa kwa mdomo, inarudishwa. Ikisomwa, umepona. Isiposomwa, hukumu inatoka hapohapo: "RAM imekufa, nunua nyingine."

Video fupi za mtandaoni zinafundisha hivyohivyo. Na sisi wenyewe, tunaojiita watu wa sayansi, tumeshasugua RAM mara nyingi bila kujiuliza chochote. Kwa hiyo leo tuichukue dawa hii kama tunavyochukua dai lolote la kisayansi. Inafanya kazi? Na ikifanya kazi, ni kwa sababu ile inayotajwa?

Tuanze na mgonjwa halisi. Shangazi wa mmoja wetu ana steshenari Mbagala Rangi Tatu. Anachapa, anatoa kopi, na msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo ukifika, foleni ya vijana wenye vyeti mkononi inatoka nje ya fremu. Kompyuta yake ni ya mtumba, ina RAM mbili za DDR3, kila moja gigabaiti 4, jumla 8. Mwezi mmoja kabla ya msimu aliita fundi aipulize vumbi na kubadilisha pesti ya kupozea prosesa. Baada ya hapo mashine ikawa nzito. Kuangalia, inaonyesha gigabaiti 4 tu.

Fundi akarudi, akasugua zote mbili kwa raba. Bado 4. "Mama, moja imekufa." Mama akanunua nyingine, kwa hela aliyokuwa anaiweka kando kwa ajili ya kodi ya fremu. Bado 4. Hukumu ya pili: "Basi ni mazabodi." Hapo ndipo tulipopigiwa simu.

Kwanza tumtendee haki fundi, maana dawa yake si ushirikina. RAM inashikana na mazabodi kwa kugusana tu, haijachomelewa. DDR3 ina miguso 240, DDR4 ina 288, na mguso mmoja ukiwa mchafu unaweza kuharibu mambo. Dar tuna vumbi, tuna jasho la vidole, tuna hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, lakini ile ni ngozi nyembamba sana iliyopakwa juu ya nikeli na shaba. Kwa hiyo ndiyo, uchafu kwenye miguso ni sababu ya kweli, na mara nyingi ukichomoa na kurudisha, mashine inapona.

Lakini angalia vizuri: umefanya mambo mawili kwa mpigo. Umesugua, na umechomoa ukarudisha. Kule kurudisha peke yake kunakwangua miguso, kwa sababu pini za sloti zinaburuzwa juu ya meno ya RAM. Sifa zote anapewa raba, na huenda kazi ilifanywa na mkono. Raba kwa upande wake ina madhara: inakwangua ile ngozi nyembamba ya dhahabu na kuacha vipande vyake njiani. Kupuliza kwa mdomo nako kunapeleka mate na unyevu palepale unapotaka pakauke. Kama kweli kuna uchafu, kitambaa kisichoacha nyuzi na tone la alkoholi ya isopropili vinatosha. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa bati la boksi kwanza ili umeme tuli wa mwilini uondoke.

Hata hivyo, kosa kubwa si raba. Kosa ni kwamba dawa hii ikishindwa haikuachii taarifa yoyote. Umesugua vyote, umerudisha vyote, bado 4. Umejifunza nini? Hakuna. Na mtu asiye na taarifa anakimbilia dukani.

Sasa mashine inaijuaje RAM? Ukiwasha, BIOS inaanza kwa kuisoma chipu ndogo iliyo juu ya kila RAM, inaitwa SPD. Ni kama kitambulisho: mimi ni aina fulani, ukubwa wangu huu, kasi yangu hii. Kitambulisho hicho kinapita kwenye nyaya zake chache, tofauti na zile nyingi zinazobeba data. Baada ya kukisoma, mashine inaijaribu RAM yenyewe. Kwa hiyo RAM inaweza kuonekana jina, lakini isihesabiwe. Ni kama mwanafunzi aliye kwenye orodha ya darasa lakini dawati lake li tupu.

Mbagala tulianza na swali la kwanza: tatizo ni la Windows au la mashine? Windows ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya hizo inachukuliwa na vifaa vingine. Hata ukiweka RAM ya 8, matoleo ya kawaida hayatazidi hapo. Watu wamenunua RAM wakati walichohitaji ni Windows ya biti 64. Tukaingia BIOS, ambako Windows haina sauti. Nako 4. Basi tatizo liko chini.

Tukawasha programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD. RAM zote mbili za zamani zikajitaja jina na ukubwa. Ile "iliyokufa" ilikuwa inaongea.

Tukaziwekea alama kwa kalamu, moja na mbili, tukajaribu moja moja. Namba moja peke yake kwenye sloti A1: inawaka, 4. Namba mbili peke yake kwenye A1: inawaka, 4. Hapo ilitosha kujua kwamba hakuna RAM iliyokufa, na mama alinunua ya tatu bure. Namba moja kwenye B1: feni inazunguka, skrini nyeusi. Namba mbili kwenye B1: vilevile.

Tukamulika B1 kwa tochi ya simu. Ndani kulikuwa na vipande vya raba! Tulishangilia, kusema kweli. Makala ilishajiandika kichwani: dawa ndiyo ugonjwa. Tukasafisha, tukawasha. Skrini nyeusi. Tukahamia B2, sloti safi kabisa. Skrini nyeusi. Raba haikuwa na hatia, na sisi tulikuwa tumefanya lilelile tunalomlaumu fundi: kupenda jibu kabla ya kulipima.

Lakini B1 na B2 zina kitu kimoja cha pamoja: chaneli. Tukaweka RAM zote mbili upande wa A, yaani A1 na A2. Gigabaiti 8. Bila kununua kitu, mashine ilirudi kazini dakika hiyohiyo. Kasi inapungua, kwa sababu chaneli moja ya DDR3-1600 inapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde na mbili zinapitisha 25.6, lakini kujaza fomu za mikopo hakuhitaji hata robo ya hiyo.

Kwa nini chaneli nzima ife? Kwenye prosesa za Intel za mezani, kidhibiti cha RAM kilihamia ndani ya prosesa kuanzia mwaka 2008. Nyaya za chaneli B zinaishia kwenye pini nyembamba chini ya prosesa, na prosesa inakaa pale kwa kukandamizwa. Na kumbuka: kabla ya haya yote, feni ya prosesa ilifunguliwa ili kubadilisha pesti. Skrubu mbili za upande mmoja zilikuwa zimekazwa sana, za upande wa pili zimelegea. Tukazilegeza zote, tukazikaza upya kidogo kidogo kwa mshazari, kama mtu anavyokaza nati za tairi. Hatukugusa kingine. Tukarudisha RAM moja A1 na nyingine B1. Gigabaiti 8, chaneli mbili.

Ukinunua RAM Kariakoo kwa kulinganisha umbo tu, bado unaweza kukwama. RAM za seva zinaingia kwenye sloti ileile ya DDR3 na zisiwake. Zipo pia za bei rahisi zilizoandikwa ni za AMD tu, ambazo mashine ya Intel haitazikubali. Ukinunua hizo kwa hukumu ya "imekufa", umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Hatuandiki haya kumdhalilisha fundi. Mikono yake ni myepesi kuliko yetu, na analipwa kwa mashine iliyopona, halipwi kwa maelezo. Lawama nyingine ni ya madarasa yetu, tulikokariri kwamba RAM hupoteza data umeme ukikatika, tukapata alama, na wengi wetu hatukuwahi kuchomoa hata moja ili kuona nini kinatokea.

Kwa hiyo siku utakapoambiwa RAM imekufa, kabla hujatoa hela, uliza kwa heshima: "Fundi, umeijaribu peke yake? Kwenye sloti ipi?" Kama bado, kaeni wote mjaribu. Inachukua dakika kumi. Kodi ya fremu ya mama bado ina pengo, na ile RAM ya tatu iko kwenye droo yake mpaka leo.