Swali la kujibiwa kwa neno moja

Nampenda karani mmoja wa uwakala wa forodha, Mombasa, kwa jinsi anavyoandika barua pepe. Huanzia kwenye kichwa. Hapo huwezi kukuta "Muhimu sana". Utakuta namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, kisha jambo lenyewe: hati halisi haijafika. Namba huinakili, kisha huikagua. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, hivyo ukikosea mfumo wa kampuni ya meli mara nyingi hugundua. Barua pepe haigundui kitu. Kosa lako hulifikisha salama salimini.

Muuzaji wake wa Muscat ana asili ya Unguja na Kiswahili chake kimenyooka. Habari za wazee na watoto huulizana kwa simu, tena kwa kituo. Kwenye barua, salamu ni mstari mmoja, na kwa mtu wa Pwani kujizuia huko si kazi ndogo.

Lakini uhodari wake hasa umo katika swali:

"Assalaam alaykum, sheikh. Kontena limeshushwa jana. Siku za bure bandarini zinaisha Jumatano. Hati utanitumia kwa ndege, au utaisalimisha kwa kampuni ya meli huko huko ili niruhusiwe kutoa mzigo huku? Naomba jibu kabla ya Jumapili saa sita."

Mtu aliye garini hujibu "nasalimisha", basi. Hana haja ya kufukua barua za mwezi uliopita, maana kazi ya kufukua imeshafanywa na mwandishi. Alikuwa na maswali mengine mawili, bei na shehena ijayo. Aliyafuta, yangoje zamu yao.

Saa nazo anazijua. Muscat humwandikia Alhamisi asubuhi, kwa kuwa Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Dubai si hivyo tena: tangu 2022 Ijumaa ni nusu siku ya kazi, mapumziko yakawa Jumamosi na Jumapili. Guangzhou wako mbele kwa saa tano; adhuhuri ya Mombasa, wao wanafunga ofisi. Kwa hiyo ya China hutangulia hata chai.

Bosi wa mtu hamtii kwenye nakala mara ya kwanza. Naona ni adabu, na pia ni akiba. Ukimya ukizidi, huandika juu ya barua ile ile, ya zamani ikibaki chini yake, na huongeza jambo moja tu: gharama ya siku iliyopita, kwa dola.