Jina la Kijakazi

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anampa mtumishi wa kasri jina la Kijakazi, yaani mjakazi mdogo. Baadhi ya wenzangu hapa Nyamirambo wanaliona dosari: mwandishi kamnyima utu. Sikubaliani nao. Hadithi ni ya miaka ya Mapinduzi, lakini jina ni la zamani zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, fidia walilipwa mabwana, si watumwa. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Basi mjukuu anayemtafuta bibi yake katika karatasi hizo aanzie wapi, kama si kwa jina la bwana? Hata riwaya yenyewe, jaladani, imeandikwa Fuad.