Picha ya Gandhi na Gurudumu Lake

Wasomaji wengi wameiona picha ya Mahatma Gandhi ameketi chini, kifua wazi, akisoma karatasi, na mbele yake gurudumu la kusokotea uzi. Aliyeipiga mwaka 1946 ni Margaret Bourke-White, bibi wa Kimarekani, naye alitakiwa kwanza ajifunze kusokota.

Wako wasemao kwamba kupiga picha si sanaa, kwa kuwa chombo ndicho kifanyacho kazi. Basi na watuambie, ni chombo gani kilichochagua kuliweka gurudumu karibu nasi, kubwa, jeusi, na mkuu mwenyewe nyuma yake, wala asitutazame? Wapigwao picha wakiwa na nishani vifuani hawapendi kukaa nyuma ya kitu.

Lakini nina neno juu yake: chumba kile kimetulia mno. Agosti ya mwaka ule ule Wahindu na Waislamu waliuana kwa maelfu mjini Calcutta. Na tarehe 30 Januari 1948 Gandhi mwenyewe alipigwa risasi akienda kusali. Aionaye picha hii peke yake atadhani amani ni kukaa kimya karibu na dirisha. Bibi huyo huyo alizipiga na maiti za Calcutta. Ningependa picha hizo zitundikwe pamoja, ukuta mmoja.