Getini kwa Kina Mackenzie

Mathe alimjua Selina kabla yangu. Wakati huo alikuwa anafanya kazi ya nyumba Kileleshwa, ya kulala huko huko, na alikuwa anarudi kwetu Kayole Jumapili tu. Jioni madam akishakaa kwa sofa na kushika rimoti, mathe anasimama nyuma yake na meza ya pasi. Nguo za watu wanne. Runinga iko 158, Maisha Magic East, na Selina, mboch wa kina Mackenzie, anapitia yale anayoyapitia. Wanawake wawili wanamtazama msichana mmoja. Mmoja amekaa, mwingine amesimama.

Jumapili tulikuwa tunapewa wiki nzima kwa mkupuo. Mathe anasonga ugali huku anasimulia, na sauti zote anaziigiza yeye. Mimi nilikuwa nimetoka tu kuacha chuo mwaka wa pili, karo imeshinda watu, na bado nilikuwa najiona msomi mno wa kusikiliza mambo ya tamthilia.

"Madam alikuwa upande wa Selina kabisa," mathe hupenda kusema. "Analia na yeye. Halafu matangazo yakiingia, ananiuliza kama ile blauzi nyeupe iko tayari."

Nimeikumbuka hiyo blauzi sana mwaka huu, kila nikisoma watu mtandaoni wakibishana kama Maisha Magic iliokoa tamthilia ya Kenya ama iliiharibu. Wengi wanachagua upande. Mimi naona chaneli hii ilifanya kitu kikubwa ambacho stesheni zetu za bure zilikuwa zimekiogopa, halafu ikakiweka nyuma ya geti. Na hadithi iliyoipenda kuliko zote ni hadithi ya geti.

Tuanze na ukoo. Mzazi ni M-Net ya Afrika Kusini, runinga ya kulipia iliyoanza 1986. MultiChoice ilifika Kenya 1995, na kwa miaka mingi dishi la DStv juu ya paa lilikuwa linakuambia mambo mawili tu: hapa kuna pesa, na hapa kuna mpira wa Uingereza. Mwaka wa 2003 wakazindua Africa Magic, nyumba ya filamu za Nigeria. Ikafanya kazi kiasi kwamba jina "Magic" likazaa: Mzansi Magic kule Afrika Kusini, Zambezi Magic upande wa Zambia, na mwaka wa 2014 Maisha Magic kwa ajili yetu. Baadaye yetu ikaongezewa neno East, Watanzania wakapata Maisha Magic Bongo, na mwaka wa 2018 Waganda wakapata Pearl Magic yao.

Wakati ulikuwa mzuri. Mapema 2015 analogi ilizimwa, na stesheni kubwa za Kenya zikakaa karibu wiki tatu bila kuonekana kwa sababu ya ugomvi wa kuhamia dijitali. Ghafla kila nyumba Nairobi ilihitaji dikoda ya aina fulani, hata ile ambayo haikuwahi kuota kuweka dishi. GOtv, ndugu mdogo wa DStv anayetumia antena, ilikuwa tayari mtaani. Ukinunua dikoda kwa sababu ya habari ya saa moja, unakuta kuna chaneli ya watu wanaoongea kama wewe.

Kuongea kama wewe hakukuwa jambo dogo. Kwa miaka mingi kwenye runinga ya Kenya, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuchekesha. Vitimbi, Vioja Mahakamani, baadaye Papa Shirandula: bawabu anaongea Kiswahili, bosi anaongea Kiingereza, nasi tunacheka kwa pengo lililo katikati. Tausi ya KBC miaka ya 1990 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wanaweza kupendana na kusalitiana kwa Kiswahili bila mtu kucheka, lakini somo hilo lilisahaulika. Mapenzi mazito tuliyapata kutoka Meksiko, yakiwa yametiwa sauti za Kiingereza ambazo hazilingani na midomo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Maisha Magic ilifanya nini, sitaji tuzo. Naitaja Kina na Nana Tandala, aliyeigizwa na Sanaipei Tande, mwanamuziki aliyekulia Mombasa. Nana ni tajiri, ni katili, na ukatili wake ni wa Kiswahili. Haongezi sauti. Anasema jambo baya kwa sentensi iliyonyooka, yenye adabu ya Pwani, na ukishaisikia unatafuta pa kukaa. Runinga yetu ilikuwa haijatuzoesha kumsikia mwenye nyumba akitumia Kiswahili kama silaha. Ilikuwa inatuonyesha mlinda geti akikitumia kama kichekesho. Tande alihamisha lugha kutoka kwa geti hadi kwa meza ya kulia chakula, na hilo peke yake latosha kuihesabu Kina kati ya tamthilia muhimu za miaka yake.

Jambo la pili ni ajira. Tamthilia ya kuonyeshwa jioni baada ya jioni, wiki baada ya wiki, haiwezi kutengenezwa kwa mtindo wa "tukipata doo tutashuti." Inahitaji seti ya kudumu, waandishi wanaolisha mashine kila wiki, watu wa taa, wa sauti, wa mavazi, na waigizaji wanaojua Jumatatu watakuwa wapi. Mwaka wa 2018 MultiChoice ilifungua pia chuo chake cha filamu hapa Nairobi, kikichukua vijana wa Afrika Mashariki. Na mwendo huo ukaambukiza. Mwaka wa 2019 Citizen walianza kurusha Maria, kazi ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, na mitaa ikatulia saa ya Maria kama saa ya mechi. Jiffy walikuwa tayari wameifanyia Maisha Magic tamthilia kama Aziza. Runinga ya bure ilikuja kuvuna shamba ambalo ya kulipia ilikuwa imesaidia kulima.

Sasa nirudi kwa hadithi zenyewe, maana hapo ndipo sifa zangu zinapungua.

Selina ni msichana maskini anayefanya kazi kwa familia tajiri, na kiini cha tamthilia ni mapenzi yake na Nelson Mackenzie. Celestine Gachuhi anamcheza kwa utulivu ambao waigizaji wengi wa tamthilia hawana: anajua kuinamisha macho bila kuinamisha heshima. Pascal Tokodi, kama Nelson, ana ule uso unaofanya nchi nzima isamehe. Nawaelewa waliowapenda. Nawapenda pia.

Lakini muulize mathe. "Nyumba kubwa vile, nani anapiga deki?" Alikuwa anauliza tangu wiki za mwanzo, na mimi nilidhani ni utani. Kumbe ni uhakiki mkali kuliko wowote niliousoma. Kazi ya Selina ndiyo tiketi yake ya kuingia kwenye hadithi, na akishaingia, kazi inaanza kufifia. Kadiri anavyopendwa ndivyo ndoo, pasi na mshahara vinavyosogea nyuma ya pazia. Tamthilia inataka tujali kama Nelson atamchagua. Haina haja sana ya kujua analala saa ngapi, ana siku ya mapumziko, ama NHIF yake nani analipa. Umboch unageuka kuwa jaribu la wema wake. Akivumilia vizuri, anapandishwa cheo, na cheo chenyewe ni kuwa mke.

Hiyo fomula si ya Maisha Magic peke yake. Telenovela za Meksiko ziliishi kwayo, na Maria ya Citizen nayo ni binti wa mtaa wa mabanda anayeingia nyumba ya matajiri. Mtu atasema watu hutazama ili kupumzika, si kuhesabu ndoo. Sawa. Ila Nairobi ni mji ambao nyumba nyingi za watu wa kati zinasimama kwa sababu kuna mwanamke mmoja anaamka saa kumi na moja asubuhi. Ukiufanya maisha yake kuwa hadithi ya taifa zima halafu ukaondoa kazi, umemfanyia madam tamthilia. Analia vizuri, na blauzi yake inabaki pale pale.

Ushahidi kwamba inawezekana vingine uko kwenye chaneli hiyo hiyo. Njoro wa Uba, ya Joseph Kinuthia, ni ya mwanaume aliyeachana na mkewe, anajaribu kusimama tena kwa kuendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Hapa kazi haitoki kwenye picha. Kazi ndiyo hadithi. Abiria anaingia, analeta balaa lake, anashuka, na Njoro anabaki na usukani na hesabu zake. Hakuna geti la kuvuka. Kuna barabara tu, na kila mteja ni dirisha la dakika chache la tabaka fulani la Nairobi. Ni kichekesho, lakini cha mtu anayejua bei ya mafuta. Kinuthia anasikiliza kama madereva wanavyosikiliza, jicho moja kwa kioo. Nikiambiwa nichague kipindi kimoja cha Maisha Magic cha kuonyesha wajukuu Nairobi ya miaka hii ilikuwaje, nitachagua gari la Njoro kabla ya sebule ya Mackenzie.

Hata Our Perfect Wedding, iliyokopwa kutoka Mzansi Magic na kufanywa ya Kikenya, ina ukweli wa aina hii. Watu wa kawaida wanaoana mbele ya kamera, mambo yanachelewa, mashangazi wana maoni, na unaona wazi pesa zilifika wapi na ziliishia wapi. Tulikuwa tunatazama ili kucheka mapambo ya watu, lakini hapo ndipo chaneli ilipokubali kwamba pesa ni mhusika.

Sasa geti lenyewe. Runinga ya kulipia haina siri: kifurushi kikiisha, picha inaondoka. Mathe aliacha ile kazi Selina ikiwa bado katikati. Sababu ni ndefu na si za leo. Kwetu hakukuwa na dikoda ya kulipiwa, kwa hiyo siku aliyotoka kwa lile geti la Kileleshwa na begi lake ndiyo siku aliyotoka pia kwa kina Mackenzie. Kwa miezi kadhaa alikuwa anampigia rafiki yake, mboch wa jumba jirani, apate muhtasari. Ikafika mahali huyo naye akaondoka. Hadithi ya mboch ilikatika kwa mathe kwa sababu hakuwa tena mboch.

Na kuna geti la pili ambalo watazamaji hatulioni. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ikiagizwa, haki zinahesabiwa kuwa zimehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Maana yake, mwandishi aliyekesha Roysambu akimtungia Selina maneno anaweza kukosa kabisa sehemu katika maisha ya Selina baada ya hapo. Mwenye rafu ndiye mwenye kumbukumbu. Na rafu yenyewe inahama: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice. Sisemi Wafaransa watafanya nini. Nasema tu kwamba karibu miaka kumi na moja ya Kiswahili cha Nairobi, jinsi tulivyotongozana, tulivyotukanana na tulivyoapa, sasa iko chini ya kampuni ambayo makao yake makuu ni jiji ambalo wengi wa walioiandika hawajawahi kulikanyaga.

Tunaweza kudai vitu viwili bila kuwa wachoyo wa shukrani. Kwanza, waandishi na watayarishaji wetu wapigane, kwa sababu sheria yenyewe inaacha nafasi hiyo ya mkataba kusema vingine, ili baada ya miaka fulani tamthilia irudi kwao, au angalau iweze kuonyeshwa bure. Vitimbi bado inakumbukwa na watu ambao hawakuwahi kulipa senti kuitazama. Kina inastahili hivyo pia. Pili, wanaoandika tamthilia ya mboch anayefuata, na atakuja tu, wamwache apige deki hadi mwisho. Aonekane akidai mshahara. Aachwe apendwe akiwa na ndoo mkononi.

Wiki iliyopita nilimuuliza mathe kama anataka nimtafutie mwisho wa Selina. Siku hizi anauza mboga hapa stejini Kayole na jioni amechoka kikweli. Akafikiria, mikono bado kwa sukuma wiki anayokata.

"Walioana?"

Nikamwambia sitaki kumharibia.

"Basi niambie tu hii," akasema. "Mshahara wa ule mwezi wa mwisho, walimlipa?"

Sikuwa na jibu. Sidhani waandishi walikuwa nalo.