Tibu ya neoni kuwaka haitoshi

Wandugu, kuna neno moja mu matangazo ya vyombo vya zamani ambalo lazima tulikatae: "imejaribiwa".

Tuchukue mfano wa IN-9 na IN-13, tibu nyembamba za kioo zilizotengenezwa Muungano wa Kisovieti. Ndani kuna gesi ya neoni na waya mrefu, ndiyo kathodi. Umeme ukiongezeka, mwanga wa rangi ya machungwa unapanda juu ya ule waya kama zebaki mu kipimajoto. Leo wapenzi wa elektroniki wanazitafuta sana juu ya kuonyesha nguvu ya sauti ya muziki. Muuzaji anaiwasha mara moja, anapiga picha, anaandika "imejaribiwa". Hapana, bana! Amejaribu kama inawaka tu. Na kazi yake si kuwaka, kazi yake ni kupima.

Inapima namna gani? Kila milimita ya waya inayong'aa inakula kiasi kilekile cha umeme. Ndiyo maana urefu wa mwanga unafuata mkondo: karibu miliampere 5 kwa IN-13 nzima, karibu 12 kwa IN-9. Basi jaribio la kweli ni hili: unaweka volti karibu 140 na rezistansi ya kuzuia umeme usizidi, kisha unapandisha mkondo polepole, unashusha, unaangalia. Mwanga unaanzia chini? Unapanda bila kuruka? Ukipunguza umeme, unarudi ama unabaki umenata pale juu? Picha moja haiwezi kujibu hata swali moja kati ya haya.

Hapa pia IN-13 inaishinda IN-9. Iko na kathodi ndogo ya pembeni, chini kabisa, ambayo inashika mwanga pahali pake. IN-9 haina. Mwanga wake unaweza kuanzia katikati ya waya, na hapo hata tibu mpya inakudanganya.

Sasa wanasema eti tibu iliyonata inatengenezeka. Ni kweli, lakini nusu. Ikilala miaka mingi, uchafu unakaa juu ya kathodi. Ukiiwasha urefu wote kwa masaa, na umeme umezidi kidogo, chembe za neoni zinapiga waya na kuondoa ule uchafu. Shida ni kwamba chembe hizohizo zinang'oa na chuma chenyewe, kinaenda kupaka kioo weusi. Kila matengenezo yanakula maisha ya tibu. Na kama hewa imeingia kupitia ufa, hakuna dawa: mwanga utabadilika rangi ama hautatoka kabisa.

Kwa hiyo muuzaji mwaminifu angeandika mambo matatu: mwanga unaanzia wapi, unafika wapi kwa miliampere ngapi, na kama tibu ilishachomwa ili isafishwe. Asiyeandika hayo anauza mapambo kwa bei ya kipimo.

Mwenye kutaka kujaribu mwenyewe, angalisho: volti 140 hazichezi na mutu. Zima, ngoja kondensa ziishiwe umeme, ndipo uguse.

Na sisi tuliosoma, tukipewa simu ya okazyo ama kompyuta ya zamani, tunauliza swali gani zaidi ya "inawaka?" Munasema nini?