Shukrani Isiyofunga Mdomo

Kwenye matatu za Kitale kwenda Bungoma nimesikia "Bwana U Sehemu Yangu" ya Reuben Kigame na Sifa Voices mara nyingi, hadi najua abiria wataanza kuitikia wapi. Ni wimbo mkongwe. Maneno ya Kiingereza ni ya Fanny Crosby, Mmarekani wa karne ya 19. Ya Kiswahili yamo kwenye Tenzi za Rohoni. Anayeimba haombi mali wala jina. Anaomba mwenzi wa safari, basi.

Hapo ndipo unaponishika. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, na kanisani ushuhuda unaopigiwa makofi ni wa gari, viza, digrii. Ningesimama niseme nini? Kwamba sukuma imeota na chai ya leo ina maziwa? Wimbo huu unasema ndiyo, sema hivyo. Furaha yake haingoji matokeo.

Lakini kuna namna ya kuusikiliza ambayo siipendi. Crosby hakuona tangu uchanga; Kigame alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 3. Basi utasikia mtu: "Yeye haoni na anashukuru, wewe mwenye macho unalia nini?" Hiyo si shukrani. Ni kupimia baraka zako kwenye mwili wa mwenzako, halafu unyamazishwe nazo.

Kigame mwenyewe hakunyamaza. Mwaka 2022 alitaka kugombea urais, IEBC ikamkatalia, akaenda mahakamani. Hakufika kwenye karatasi ya kura, lakini alidai haki kwa sauti ile ile anayoimbia.

Ukifika Webuye unapita Pan Paper, kiwanda kilichosimama 2009 kikaacha watu bila kazi. Aliyefanya kazi pale anaweza kuimba wimbo huu kwa moyo wote, na bado aulize pesa zake ziko wapi. Hayo mawili hayagombani.

Kasoro yake ni moja: una njia, una mwenzi, lakini hauna gunia la mahindi, hauna deni la duka, hauna jina la kijiji. Shukrani ya kila siku inahitaji vitu vya kila siku. Mtunzi wa Trans Nzoia aliye na daftari, kazi ndiyo hiyo.