Kichwa Kinachosimulia Mashuani

Gemu ya God of War ya mwaka 2018 husifiwa kwa shoka. Ni kweli, shoka likirushwa kisha likaitwa na kurudi mkononi, raha yake haiishi. Lakini kazi ngumu zaidi ya mafundi wa Santa Monica Studio imo ndani ya mashua, na mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, iwe ni Muhuru na Karungu kule Migori au Mbita na Kendu Bay upande wa Homa Bay, ataitambua upesi.

Mashujaa wake, Kratos na mwanawe Atreus, wamefiwa. Mama, Faye, ameacha wosia kwamba majivu yake yamwagwe kutoka kilele kirefu kuliko vyote. Baba hajui kuzungumza na mtoto. Wakiwa majini humsimulia ngano ya sungura na kobe kwa sentensi chache kavu, na mtoto hulalamika, kwa haki kabisa. Kisha wanamkuta Mimir, mzee chongo ambaye Odin, mkuu wa miungu, amemfunga mtini kwa majira ya baridi 109. Mimir mwenyewe anaomba akatwe kichwa. Mungu wa kike Freya anakihuisha kichwa hicho, Kratos anakining'iniza kiunoni, na safari inaendelea: wafiwa wawili na mfu aliyefufuliwa shingo kwenda juu.

Ufundi upo katika jinsi wanavyounganishwa. Hakuna kiapo wala machozi ya kupangwa. Mashua ikiondoka tu, Mimir huanza hadithi. Mchezaji akiona ufuo akatia nanga, hadithi hukatizwa kwa ahadi kwamba itamaliziwa baadaye. Unapanda juu, unapigana, unaokota vitu, unarudi kushika kasia, na hadithi inaanzia pale ilipoachwa, mara nyingine kwa kuulizwa na mtoto. Kwa msikilizaji ni jambo dogo. Kwa mtunzi ni kazi ya kuandika na kurekodi maneno ya kukatiza na ya kurejea bila kujua mchezaji atashuka wapi. Kamera nayo haikati tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho, kwa hiyo hata kimya cha Kratos unakaa nacho. Baada ya muda unajikuta unazungushazunguka mashua bila safari, ili Mimir amalize. Kichwa kimeshakuwa mtu wa nyumbani, na hukuona kilipoingia.

Wavuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, wanayajua haya. Usiku wa giza, taa zikiwa juu ya maji, mabaharia wasio wa boma moja husubiri samaki wakusanyike. Maneno hukatizwa na wavu, kisha hurejea.

Na Waluo walikuwa na chuo cha kujenga undugu kwa hadithi. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya, ng'ambo ya ghuba kutoka Homa Bay, walieleza habari za pim: mwanamke mzee, mara nyingi mgeni asiye wa ukoo, aliyeletwa kulea watoto wa mama mbalimbali katika siwindhe, nyumba ya kulala na kusimuliana. Undugu ulijengwa usiku kwa usiku, na usingizi ndio uliokatiza hadithi.

Gemu iliyofuata, Ragnarök ya 2022, ina ujasiri wa kuvunja ilichojenga. Mhunzi Brok alishawahi kufa. Nduguye Sindri alimrudisha, ila sehemu moja ya roho ilikosekana. Safari hii Brok anauawa, na Sindri hamsamehi Atreus, ingawa walikuwa wamekaa nyumba moja. Waandishi hawakumpoza. Nawaheshimu kwa hilo.

Watu wa Gwassi, hukohuko Homa Bay, wana kisa kikali hivyohivyo. Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi fukara, alivua bikizee (wengine husimulia kuwa alikuwa chongo) akamchukua nyumbani, na boma likajaa ng'ombe. Siku moja alirudi amelewa, akakuta lango limefungwa, akamtukana kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke akaondoka kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho akabaki ufuoni hadi akageuka mti. Alama za kwato bado huonyeshwa kwenye miamba ya Nyandiwa.

Wasimulizi wengi huharakisha katikati: kavuliwa, kaolewa, ng'ombe hao. Tusi la langoni basi huwa la mlevi yeyote. Mbunifu wa gemu wa Homa Bay akikitaka kisa hiki, ampakie bikizee mashuani kwanza, amwachie hadithi ndefu, na mchezaji azoee kumsubiri amalize, ili lango litakapofungwa hadithi yake iwe bado haijaisha. Na tafadhali, ng'ombe wasigeuzwe pointi pembeni mwa skrini.